Mtembea kwa miguu asiye na miguu

Mwishoni mwa 2025 wakazi wa Chicago walianza kukusanya saini. Walitaka jiji lizisimamishe roboti zinazopeleka chakula majumbani kwa kupita njia za watembea kwa miguu, mpaka taarifa za usalama wake ziwekwe wazi. Anayeusikia ugomvi huu leo atadhani ni mpya, kumbe kuna mji ulioshindana nao miaka minane kabla, na ukashinda kwa muda.

Asili ya mambo ni Estonia. Mwaka 2014 Ahti Heinla na Janus Friis, waliokuwa miongoni mwa walioijenga Skype, walianzisha kampuni ya Starship. Roboti yao ni kasha dogo la magurudumu sita, lenye kibendera cha kuonekana kwa mbali. Februari 2017 Gavana Terry McAuliffe wa Virginia alitia saini sheria ya kwanza ya jimbo zima nchini Marekani kuziruhusu. Sharti lilikuwa roboti isizidi kilo 23 bila mzigo, yaani haifiki hata nusu ya mfuko wa saruji, na mwendo usipite kilomita 16 kwa saa. Starship ilishirikiana na watunga sheria kuandaa muswada huo, na kipimo kikaikaa kama kanzu ya kushonesha. Idaho, Wisconsin, Florida na Ohio zikafuata mwaka huohuo, na Estonia yenyewe pia.

San Francisco ilikataa kupangwa kwenye foleni hiyo. Aprili 2017 kampuni nyingine, Marble, ilianza kupeleka chakula mtaa wa Mission kwa roboti kubwa kuliko za Starship. Haikupita miezi miwili diwani Norman Yee akapendekeza zipigwe marufuku kabisa. Yee hakuwa mtu wa kuogopa mashine kwa sababu ya ugeni wake. Mwaka 2006 aligongwa na gari akiwa anatembea kwa miguu, akaumia vibaya, na tangu hapo usalama wa watembeao ndio ukawa kazi yake. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: njia ile ni ya mzee mwenye mkongojo, mtoto, na mwenye kiti cha magurudumu. Chama cha watembea kwa miguu, Walk San Francisco, kikasimama upande wake. Kampuni nazo zikalia kwamba jiji lililojitajirisha kwa teknolojia linaifungia mlango.

Marufuku kamili haikupita, lakini kilichopita Desemba 2017 kilikaribia. Kila kampuni roboti tatu tu, jiji zima tisa. Mwendo usizidi kilomita 5 kwa saa. Binadamu awe karibu nayo, ndani ya mita tisa hivi, na majaribio yafanyike maeneo ya viwanda. Mashine iliyobuniwa ili kumpunguza mchukuzi ikalazimika kutembea na mchukuzi wake! Kibali cha kwanza kilitoka Agosti 2019, kikaenda kwa kampuni ya Postmates.

Oktoba mwaka huo, mjini Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, mwanafunzi mwenye kiti cha magurudumu alieleza jinsi roboti ilivyosimama kwenye mteremko wa kupandia njia, huku yeye akibaki barabarani na taa inabadilika. Chuo chake kikasimamisha majaribio ya roboti hizo, kisha yakaendelea.

Ungedhani mkasa huo ungeufundisha mji. Mji, labda; jimbo, hapana. Novemba 2020 Pennsylvania ilipitisha sheria inayoruhusu roboti ya hadi kilo 250, mifuko mitano ya saruji, itembee njiani kwa kilomita 19 kwa saa, na ikaiweka katika kundi la watembea kwa miguu. Kisheria, basi, kitu kisicho na mguu hata mmoja kina haki ya njia sawa na bibi yako. Hapa ndipo kampuni zilipojua zaidi kuliko madiwani: ukikataliwa mlango wa jiji, nenda bunge la jimbo, ambako wanaoandika sheria hawapiti njia hiyo.

Toronto nayo ilizipiga marufuku roboti hizo Desemba 2021. FedEx na Amazon, zilizokuwa zikijaribu roboti zao wenyewe, ziliacha miradi hiyo 2022. Sheria ya Pennsylvania haikuondoka nazo.