Boksi ya Plaiwudi na Siri ya Theluji

Wakenya wengi tukisikia skii tunakumbuka jina moja tu: Philip Boit. Mwaka wa 1998 kule Nagano, Japani, jamaa huyu aliyekuwa mkimbiaji wa mita 800 aliingia mbio za kilomita 10 kwenye theluji, akamaliza nambari 92, wa mwisho. Bjørn Dæhlie wa Norway, ambaye alikuwa ashashinda dhahabu, alimngoja hadi akafika, akamkumbatia. Stori tamu sana. Lakini mimi naona huwa tunaisimulia nusu. Tunataja baridi na mazoezi, basi. Hakuna anayetaja nta.

Ndio, nta. Skii kavu hukwama kwenye theluji, kwa hivyo watu wa kaskazini walikuwa wanazipaka lami ya msonobari tangu zamani. Miaka ya 1860, wachimba dhahabu wa milima ya Sierra Nevada kule California waligeuza hiyo kitu kuwa vita. Walikuwa wanapika mchanganyiko wa mafuta ya nyangumi, utomvu na kafuri, na kila mbogi ilificha mapishi yake. Snowshoe Thompson, Mnorway aliyesifika kwa kubeba barua kuvuka milima hiyo, alienda kushindana nao mwaka wa 1869. Alichapwa vibaya. Si eti hakujua kuteleza. Wenzake walikuwa na dawa chini ya mbao.

Mwaka wa 1946 kampuni ya Swix ikaanza huko Uswidi, na nta ikatoka jikoni ikaingia maabara. Ukawa unanunua rangi kulingana na baridi: kijani ya baridi kali, buluu ya kati, nyekundu ya joto. Kisha miaka ya 1970 mbao zikaachia plastiki, na hapo mambo yakabadilika. Plastiki ya chini ya skii ikipata joto hunyonya nta ndani yake. Ukitumia pasi, inabidi uipitishe haraka, maana ukikawia unaichoma. Nta haipati muda wa kuzama.

Suluhu ni boksi yenye joto. Unapaka nta, unaweka skii ndani, unaziacha kwa saa kadhaa kwenye nyuzi 50 hadi 60 hivi. Joto ni dogo lakini muda ni mrefu, kwa hivyo nta inazama polepole. Ukizidisha moto, gundi inayoshikilia skii inaweza kuachia.

Boksi za kununua ni ghali, na ndio maana watu wa kawaida wanajitengenezea nyumbani. Plaiwudi, povu la kuzuia joto lisitoke, balbu au hita ndogo, feni ya kuzungusha hewa, na kifaa cha kukata umeme joto likifika. Kama umewahi kuona mashine ya kuangua vifaranga ya fundi wa jua kali, ushaiona hii boksi. Imerefushwa tu.

Hiyo ndiyo sehemu naipenda. Kwa miaka mingi timu tajiri zilikuwa zinatembea na malori ya nta na mafundi wao, na msee wa kijijini akabaki na pasi. Wengine walitumia nta zenye florini, kemikali ambazo hazipotei kwenye maji na udongo, hadi shirikisho la mchezo huo, FIS, likazipiga marufuku kabisa kuanzia msimu wa 2023. Boksi ya plaiwudi haihitaji sumu. Inahitaji subira na mtu anayejua kufunga waya vizuri.

Sasa tujiangalie sisi. Mwaka wa 2019 Kipchoge alikimbia marathoni kwa 1:59:40 kule Vienna akiwa na viatu spesheli, na mwaka uliofuata shirikisho la riadha likawekea soli kikomo cha milimita 40. Wazungu waliposema ni viatu, tulikasirika. Lakini kijana wa Iten anayefanya mazoezi na raba za mtumba anajua vifaa si stori ya kupuuza. Miguu ni yake, bidii ni yake, na bado kuna mtu amempita dukani kabla ya bunduki kulia.

Kwa hivyo ukimcheka Boit kwa kuwa wa mwisho, niambie kwanza: skii zake zilikuwa zimepakwa nini, na za Dæhlie zilipakwa na watu wangapi?