Ordinatere za watu na mlio wenye haujapatikana

Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo miwili ya LIGO kule Marekani ilipokea wimbi la uvutano kwa mara ya kwanza. Mashimo meusi mawili yaligongana, na habari ikazunguka dunia yote. Lakini kuko historia ingine, ya pole pole, yenye ilianza miaka kumi mbele ya ile.

Tarehe 19 Februari 2005, Bruce Allen na timu yake walifungua Einstein@Home. Wazo halikuwa jipya: tangu 1999, SETI@home ya Berkeley ilikuwa inaomba watu waazimishe ordinatere zao wakati hawazitumii. Unaweka programu, unaenda kunywa chai. Mashini inapokea kipande cha data, inahesabu, inarudisha jibu.

Juu ya nini kuomba watu, na wanasayansi wako na mashini kubwa? Juu mashimo meusi yakigongana, mlio unaisha kwa sekunde chache tu. Einstein@Home inatafuta kitu kingine: nyota ya nyutroni yenye kuzunguka, yenye iko na kakilima kadogo juu ya uso wake, na inatoa wimbi dhaifu miezi na miezi bila kukatika. Hatujui iko upande gani wa anga, wala inazunguka mara ngapi kwa sekunde. Tena Dunia yetu yenyewe inazunguka na kusafiri, basi mlio unapanda na kushuka. Kila kona ya anga inaomba hesabu yake. Sisi wa agronomia tungesema ni kutafuta mmea mmoja wenye ugonjwa mu shamba la kilometa na kilometa: unagawa vipande, kila mtu na chake. Na kila kipande kinaenda kwa mashini mbili; majibu yakipatana, njo yanaaminiwa.

Walipata? Wimbi lile, hapana, mpaka leo. Lakini tangu 2009 mashini zile zile zilianza kuchambua pia data ya darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, na Agosti 2010 ikatangazwa pulsa mpya, J2007+2722, yenye kuzunguka karibu mara 41 kwa sekunde. Ordinatere zenye ziliiona zilikuwa moja Iowa, ingine Mainz, Ujerumani. Wenyewe hawakuwa wataalamu wa nyota, na majina yao yalitangazwa hadharani. Hapo watafiti walifanya haki. Kuko tu neno moja lenye halisemwi sana: inaitwa msaada wa bure, lakini fakture ya umeme analipa mwenye mashini.

Na ile miaka yote bila kupata haikupotea. Kila utafutaji unaotoka mikono mitupu unaonyesha kwamba kakilima kale, kama kako, ni kafupi kuliko tulivyoweza kudhani mbele.

Darubini ya Arecibo ilianguka Desemba 2020. Einstein@Home ingali inatuma vipande.