Kiporo cha Kuku katika Historia ya Kasokola

Kasokola, mojawapo ya kata za Manispaa ya Mpanda katika Mkoa wa Katavi, imo katika ukanda wa miombo wa magharibi mwa Tanzania, yaani misitu ya nchi kavu ambayo tangu kale imekuwa maskani ya mbung'o. Mdudu huyu, aenezaye malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe, ndiye aliyeamua kwa muda mrefu kitoweo cha Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, wenyeji wa eneo hilo, kwa kuwa palipojaa mbung'o ng'ombe hawakustawi, na kaya zikategemea nyama ya porini, samaki, mbuzi wachache na kuku.

Kuku, ambaye asili yake ni Asia na ambaye alifika Afrika Mashariki zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, hata hivyo hakuwa chakula cha kila siku. Alikuwa akiba ya kaya, akiuzwa panapotokea shida na kuchinjwa anapofika mgeni wa heshima, na akiba yenyewe ilikuwa ya mashaka, kwa sababu mdondo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia ndege wafugwao, huweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Kwa hiyo nyama iliyobaki baada ya kuku kuchomwa na mgeni kula haikuhesabiwa kuwa makombo, bali kiporo, yaani chakula kilicholala ambacho bado kina haki ya kupikwa.

Upishi wa kiporo hicho hufuata mantiki ya kuongeza. Pasipo jokofu, nyama huwekwa juu ya uchanja, yaani jukwaa la vijiti lililo juu ya mafiga, ili moshi na joto viikaushe. Siku inayofuata minofu huchambuliwa, na mifupa, ambayo bado ina mafuta na ladha ya moto, huchemshwa mpaka itoe supu. Vitunguu, nyanya, chumvi na karanga zilizotwangwa hutiwa humo, minofu hurudishwa mwishoni, na chungu huachwa kichemke sawasawa, kwa kuwa kiporo kilichopashwa nusunusu huumiza tumbo. Kuku aliyetosha watu wachache kwa kuchomwa hutosha kaya nzima kwa mchuzi mzito, unaoliwa kwa ugali au kwa wali.

Viungo vya mlo huo vina historia yao. Chumvi ya Uvinza, iliyochemshwa kutokana na maji ya chemchemi tangu milenia ya kwanza, ilisambazwa na wachuuzi katika maeneo ya magharibi mwa Tanzania ya leo muda mrefu kabla ya ukoloni, ilhali karanga, pamoja na mahindi na muhogo wa ugali, asili yake ni Amerika. Walaji nao wana historia yao: kuanzia miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ya Uingereza ilikusanya watu katika makazi ya pamoja ili kudhibiti malale. Kisha, kati ya 1947 na 1950, ikajengwa reli ya kilomita 210 hivi kutoka Kaliua hadi Mpanda kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi wa Mukwamba, na mji ukapata wafanyakazi wa mshahara waliohitaji kununua kitoweo. Mwaka 1973 yalianzishwa makazi ya Katumba, katika eneo la Mpanda, kwa wakimbizi waliotoka Burundi baada ya mauaji ya 1972, na wengi wao, pamoja na wazao wao, baadaye walipewa uraia wa Tanzania. Wafugaji wa Kisukuma nao waliingia na ng'ombe wao kadiri misitu ilivyofyekwa na mbung'o kupungua.

Nyama ya ng'ombe, basi, si adimu tena kama zamani, lakini kiporo cha kuku hakikutoweka, na jambo hilo linathibitisha kwamba msingi wake haukuwa uhaba peke yake. Kuku wa kuchoma ni chakula cha mgeni. Mchuzi wa kesho yake ni chakula cha watoto, wazee na mpishi mwenyewe, ambao jana walisubiri. Historia ya mapishi ya Katavi itakayoandika karamu na kuuacha mlo huu wa pili itakuwa imewasahau wengi wa walaji wake.