Kitasa cha ignisheni kikilika: kabla hujanunua stata, sikiliza ufunguo

Ijumaa moja, yapata saa tano na nusu mchana, pikapu yangu ilikataa kuwaka katikati ya kichochoro cha Kibokoni. Nilikuwa nimepakia masufuria ya pilau na majamvi ya hitma. Nyuma yangu kulikuwa na mkokoteni wa maji usioweza kupita, na baada ya muda mfupi watu wangeanza kwenda msikitini. Nikazungusha ufunguo, kimya. Nikazungusha tena, taa za dashibodi zikawaka, zikazimika. Mara ya tatu ufunguo ukazunguka bure, kama kijiko ndani ya kikombe.

Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimenunua stata mpya. Fundi aliyenifungia hakuipima ile ya zamani. Alisikia gari halishiki, akasema stata imekufa, nami nikalipa.

Mzee mmoja aliyeketi barazani, dereva wa malori wa miaka mingi, akaniita. "Mwanangu, hebu washa taa za mbele." Nikawasha, zikang'aa vizuri. "Basi betri ni nzima. Na huo ufunguo wacheza hivyo tangu lini?"

"Tangu Ramadhani, Ami."

"Basi ugonjwa umeushika mkononi, na dawa wainunua kwengine."

Akanionyesha kuuvuta ufunguo nyuma kidogo, kiasi cha unene wa shilingi, kisha kuuzungusha taratibu. Gari likawaka. Lakini nilipokuwa nateremka kuelekea Forodhani, ufunguo ulichomoka wenyewe ukaniangukia miguuni, na injini ingali inanguruma. Hapo ndipo nilipoogopa. Haya ninayoyaandika ni yale ambayo ningependa kuyajua kabla ya siku ile.

Vitu vitatu, si kimoja

Wengi wetu tunasema "ignisheni" tukidhani ni kitu kimoja. Ni vitatu, na kila kimoja huharibika kivyake.

Cha kwanza ni ufunguo. Meno yake hulika kidogo kidogo kila unapouingiza na kuutoa.

Cha pili ni kitasa chenyewe. Ndani yake mna kipande cha mviringo kinachozunguka na ufunguo. Hapa nitakiita moyo wa kitasa. Moyo huo una vibati vidogo vyenye springi. Ufunguo sahihi ukiingia, vibati vyote hukaa sawa na moyo huachiwa uzunguke. Kitasa hicho hicho ndicho kinachousukuma na kuurudisha ulimi wa chuma unaofunga usukani ufunguo ukishatolewa.

Cha tatu ni swichi ya umeme, iliyofungwa nyuma ya kitasa. Mkia wa kitasa huizungusha, nayo hupeleka umeme kwenye redio, kwenye injini na kwenye stata. Ina miguso ya shaba ambayo huungua na kulika.

Pwani yetu haivisaidii vitu hivi. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na vumbi la barabarani huingia kwenye tundu la ufunguo. Juu ya hayo tunamimina mafuta ya cherehani au ya injini ili kitasa kiwe laini. Kitalainika siku mbili, kisha mafuta yatashika vumbi na kuwa tope linalosaga vibati. Kitasa kinataka unga mkavu wa grafaiti, ule wa aina ya risasi ya penseli, na kidogo tu.

Kupima kabla ya kununua

Weka gia huru, vuta breki ya mkono, kisha fuata hatua hizi.

Tafuta ufunguo wa akiba. Ukizunguka vizuri kuliko ule wa kila siku, kilicholika ni ufunguo. Usichonge mwengine kwa kuiga ule uliolika, maana utachongesha ulikaji wenyewe. Magari mengi hutoka kiwandani na namba ya ufunguo kwenye kibati kidogo au kwenye ufunguo wa asili. Fundi wa funguo akichonga kwa namba hiyo, meno yatarudi kama yalivyokuwa siku ya kwanza. Fundi mwaminifu atakuomba logibuku na kitambulisho. Asipoomba, jiulize anawachongea nani wengine.

Kama ufunguo hauzunguki kabisa, usiulazimishe. Huenda magurudumu yamebana ulimi wa usukani. Tikisa usukani kushoto na kulia huku ukizungusha ufunguo kwa upole. Ukiachia, kitasa hakina kosa. Funguo nyingi huvunjikia ndani kwa sababu dereva alitumia nguvu pale palipotaka subira.

Kama ufunguo unazunguka lakini gari kimya, pima betri. Betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6. Kisha mtu azungushe ufunguo hadi mwisho nawe upime waya mdogo unaoingia kwenye stata. Ukipata kama volti 12 hapo na stata haizunguki, angalia waya zake nene na mahali zilipofungwa; zikiwa safi na zimekaza, stata ndiyo mbovu. Usipopata kitu, stata haina hatia. Kosa liko kati yake na ufunguo: fyuzi, rilei, swichi au kitasa. Kwa gari la gia za kujiendesha, jaribu pia kuwasha likiwa kwenye N badala ya P. Kipimo hiki ni cha dakika chache, na ndicho ambacho mimi sikufanyiwa.

Kama taa za dashibodi huzimika ukitikisa ufunguo uliokaa kwenye ON, miguso ya swichi imelika. Swichi huuzwa peke yake katika magari mengi, na mara nyingi hushikwa na skrubu moja au mbili tu. Huna haja ya kununua kitasa kizima.

Kama ufunguo haurudi wenyewe kutoka START, zima upesi. Stata itaendelea kuzunguka na injini hadi iungue.

Na kama ufunguo unachomoka gari likiwa limewaka, kama wangu, moyo wa kitasa umelika. Hapo egesha gari, usilitumie tena mpaka litengenezwe.

Kwa nini si jambo la kuahirisha

Ufunguo ukichomoka kwenye ON, hakuna tena kinachohakikisha kwamba moyo wa kitasa utabaki mahali pake. Ukirudi nyuma hadi LOCK, ulimi unaweza kufunga usukani ukiwa mwendoni. Fikiria hilo kwenye Daraja la Nyali, au ukishuka kuingia feri ya Likoni mbele ya umati wa waendao kwa miguu. Hata injini ikizimika tu, usukani huwa mzito na breki hupoteza msaada wake.

Dunia imeshaona gharama yake. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliyaita magari yapatayo milioni 2.6 kwa sababu ya swichi ya ignisheni. Springi iliyoshika ufunguo mahali pake ilikuwa dhaifu. Mtikisiko, au uzito wa funguo zilizoning'inia, uliweza kuurudisha ufunguo kutoka ON, injini ikazimika na mifuko ya hewa isifunguke wakati wa ajali. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Yale yalikuwa makosa ya kiwanda, wala si ulikaji, lakini somo ni letu pia. Ondoa kwenye ufunguo wa gari lile fungu la funguo za nyumba, duka na ghala. Uzito ule hukivuta kitasa kila gari linaporuka shimo.

Kubadilisha

Ninaeleza mtindo wa pikapu nyingi za Toyota kama yangu. Nyengine hutofautiana kidogo, lakini mpango ni ule ule.

Nyoosha magurudumu, kisha toa waya hasi wa betri. Kama gari lina mifuko ya hewa, subiri dakika kadhaa kabla ya kugusa chochote karibu na usukani, wala usichomoe waya zake.

Fungua skrubu za chini za kifuniko cha plastiki kinachozunguka shina la usukani. Utaona kitasa, na ubavuni mwake kitundu kidogo. Ingiza ufunguo, uweke kwenye ACC. Sukuma pini iliyo ndani ya kitundu kwa msumari mwembamba, huku ukiuvuta ufunguo kuelekea kwako. Moyo wa kitasa utatoka mzima. Ikiwa ufunguo hauzunguki hata kufika ACC, mwachie fundi wa vitasa, kwani itabidi kutoboa.

Chukua ule wa zamani uende nao dukani, uulinganishe na mpya: urefu, mkia na mahali pa pini. Kisha muulize fundi wa funguo kama anaweza kupanga vibati vya moyo mpya vifuate ufunguo wako wa milango. Akiweza, utabaki na ufunguo mmoja kwa gari zima.

Kama ufunguo wako una chipu, ufunguo mpya hautawasha gari mpaka chipu yake isajiliwe. Usitupe wa zamani.

Ikiwa kilichovunjika ni nyumba ya kitasa, ile inayokumbatia shina la usukani, kazi ni kubwa zaidi. Hushikwa na bolti ambazo vichwa vyake hukatika makusudi zikikazwa, ili mwizi asizifungue. Lazima zitobolewe, na nyumba mpya ifungwe kwa bolti mpya za aina ile ile. Ukifungiwa bolti za kawaida, umemrahisishia mwizi.

Kurudisha, paka grafaiti kidogo, weka ufunguo kwenye ACC, sukuma moyo ndani mpaka pini ilie. Kabla ya kufunga plastiki, rudisha waya wa betri, kisha jaribu: ufunguo usitoke kwenye ACC wala ON, urudi wenyewe kutoka START, ukiutoa kwenye LOCK, usukani ufunge, ukiurudisha, ufunguke. Rudia mara kumi gari likiwa limesimama. Likikosa mara moja tu, hujamaliza.

Njia ya mkato

Wapo watakaokushauri ukate waya na kufunga kitufe cha kuwashia, au uwashe kwa bisibisi. Mimi pia nilishauriwa hivyo, na ni rahisi kushawishika pesa zikiwa zimekwisha. Lakini gari linalowashwa kwa bisibisi yako litawashwa na bisibisi ya yeyote. Waya zilizounganishwa bila fyuzi huweza kuwaka moto chini ya dashibodi. Na ulimi wa usukani ungali pale, ukisubiri kitasa kibovu kiuachie.

Mimi nilibadilisha moyo wa kitasa na kuchonga ufunguo kwa namba. Ile stata ya zamani, niliyoambiwa imekufa, nilikuwa nimeitupa nyuma ya gari. Niliipeleka kupimwa, ikazunguka. Nimeiweka nyumbani kama akiba, na kila nikiiona nakumbuka swali la mzee yule barazani: ufunguo wacheza tangu lini?