Mkanda wa jeshi: Dawa ya sonona inavyotuliza maumivu yanayobaki

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

MALENGELENGE ya mkanda wa jeshi kwa kawaida hukauka ndani ya wiki mbili hadi nne. Hata hivyo, kwa baadhi ya wagonjwa maumivu hayaondoki pamoja na upele. Sehemu iliyougua huendelea kuwaka moto, kuchoma kama sindano, au kuuma hata inapoguswa na nguo tu.

Maumivu hayo yakidumu zaidi ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa sugu. Parasetamoli na diklofenaki, ambazo mkazi wa Nyakato huzipata katika duka lolote la dawa, aghalabu hazifui dafu.

Katika hatua hiyo daktari anaweza kuandika amitriptilini, kidonge kinachofahamika zaidi kuwa ni cha kutibu sonona. Mgonjwa asiyeelezwa sababu anaweza kudhani ameonekana ana ugonjwa wa akili, akakiacha kidonge na kubaki na maumivu ambayo yangeweza kupungua.

Chanzo cha maumivu

Mkanda wa jeshi husababishwa na virusi vilevile vya tetekuwanga. Mtu akishapona tetekuwanga, virusi hujificha katika mizizi ya mishipa ya fahamu kwa miaka mingi. Kinga ya mwili ikipungua, kwa uzee au kwa maradhi, virusi huamka na kufuata mshipa mmoja hadi kwenye ngozi, kwa kawaida upande mmoja wa mwili.

Njiani virusi hujeruhi mshipa huo. Ngozi hupona, lakini mshipa uliojeruhiwa huendelea kupeleka taarifa za maumivu kwenye ubongo ingawa hakuna tena kidonda.

Dawa ya zamani, kazi nyingine

Amitriptilini ilianza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Huongeza nguvu ya kemikali mbili za mwili, serotonini na noradrenalini, ambazo pia husaidia uti wa mgongo kuzuia taarifa za maumivu zisifike kwenye ubongo.

Mwaka 1982, watafiti wa Canada walichapisha matokeo ya kuilinganisha na kidonge kisicho na dawa kwa wagonjwa 24 wenye maumivu yaliyobaki baada ya mkanda wa jeshi. Wagonjwa 16 walipata nafuu nzuri. Wengi wao hawakuwa na sonona, jambo lililoonyesha kwamba dawa hiyo hutuliza maumivu yenyewe.

Dozi ndogo, kila usiku

Kwa sonona, mtu mzima hupewa kwa kawaida miligramu 75 hadi 150 kwa siku. Kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, daktari huanza na miligramu 10 hadi 25 usiku, kisha huongeza taratibu akiangalia hali ya mgonjwa. Dozi ndogo si kosa la mwandishi wa cheti.

Aidha, dawa hii haimezwi pale tu maumivu yanapozidi. Humezwa kila usiku, na nafuu huweza kuchukua wiki kadhaa kuonekana. Anayeiacha baada ya siku tatu hajaijaribu.

Tahadhari

Dawa hii huleta usingizi, kukauka kwa kinywa, choo kigumu na kizunguzungu. Dereva wa bodaboda au mfanyakazi wa mashine kiwandani anapaswa kujua kuwa usingizi huo unaweza kuendelea hadi asubuhi. Pombe huuzidisha.

Wenye ugonjwa wa moyo, presha ya macho, au matatizo ya kukojoa yatokanayo na tezi dume wamweleze daktari kabla ya kuanza. Vivyo hivyo wanaotumia tramado, dawa nyingine za sonona au dawa za kufubaza VVU. Vidonge vingi kwa mkupuo huweza kuua, hivyo vihifadhiwe mbali na watoto.

Si kila maumivu ya mishipa huisikia dawa hii. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998 ulionyesha kuwa, kwa maumivu ya miguu yatokanayo na VVU, haikushinda kidonge kisicho na dawa.

Dawa nyingine ya zamani inayotajwa sana ni naltreksoni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1984 kwa waraibu wa heroini kwa dozi ya miligramu 50. Dozi zake ndogo, chini ya miligramu 5, zimejaribiwa kwa maumivu sugu na kwa uchovu unaobaki baada ya Uviko-19. Lakini utafiti wa Denmark wa mwaka 2024, uliowahusisha wanawake 99 wenye maumivu sugu ya misuli na kutumia miligramu 6, haukuonyesha kuwa inapunguza maumivu kuliko kidonge kisicho na dawa.

Wahi matibabu

Anayeona malengelenge ya mkanda wa jeshi awahi kituo cha afya, kwani dawa ya kupambana na virusi, asikloviri, hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Kijana anayepatwa na ugonjwa huu apime pia VVU.

Maumivu yakibaki baada ya ngozi kupona, mgonjwa arudi kwa daktari. Vituo vya chini vikishindwa, kuna njia ya rufaa hadi Hospitali ya Sekou Toure na Bugando.