Mwenda Jean Bosco na Kiswahili cha Miji ya Migodi

Kiswahili cha mashariki ya Kongo, kinachozungumzwa tangu Masisi na Walikale katika Kivu ya Kaskazini hadi Katanga kusini, mara nyingi kimehesabiwa kuwa lugha pungufu. Kazi za mtunzi na mwimbaji Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Katanga, zinadai hukumu hiyo ipimwe upya.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, makao ya zamani ya Msiri, mtawala wa Wayeke ambao asili yao ni Unyamwezi. Mwaka 1952 Hugh Tracey alirekodi nyimbo zake mjini Jadotville (sasa Likasi), ukiwemo "Masanga". Kwa kidole gumba na cha shahada, Mwenda alioanisha miondoko ya kwao na muziki wa santuri za ng'ambo.

Aliimba hasa kwa Kiswahili, lugha iliyowaunganisha wafanyakazi wa makabila mengi migodini. Ndiyo maana alisikilizwa hata Nairobi, alikozuru mwaka 1959, akawaathiri wapiga gita wa Kenya. Mwaka 1969 alitumbuiza Newport, Marekani.

Uchunguzi mashuhuri wa David Rycroft, wa mwaka 1961 na 1962, ulihusu upigaji wake wa gita. Maneno hayakupewa uzito uo huo. Mwenda alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari. Hata hivyo, santuri zake zimehifadhi usemi wa watu wa kawaida, ambao nyaraka za serikali ya kikoloni ziliupuuza. Mwanahistoria wa Kiswahili hana budi kuzisikiliza kwa makini yale yale anayosomea hati.