Kitambulishi si kitambulisho: majina yanapokatwa mkia

Vijana wa Map Kibera, mradi wa kuchora ramani ya mtaa wa Kibera jijini Nairobi, walipoanza kuzunguka vichochoro na vifaa vya GPS mwishoni mwa 2009, walichokusanya kiliingia kwenye OpenStreetMap, ramani huru ambayo hifadhidata yake ni PostgreSQL. Humo sifa za vyoo, shule, zahanati na vibanda vya maji vya Gatwekera au Kianda, vijiji vya Kibera, zinaweza kupewa majina marefu. Shida huanza mtu anapozihamishia data hizo kwenye faili la ramani la aina ya Shapefile, ambalo bado linapendwa maofisini ingawa lilirithi kutoka dBASE sheria ya kizamani: jina la safuwima lisizidi herufi 10.

Jina la jedwali au la safuwima, lile ambalo programu hulitumia kukiita kitu, ndilo ninaloliita kitambulishi. Wapo wanaoandika “kitambulisho”. Kibera neno hilo lina mwenyewe: ni ile kadi ya serikali, ambayo Wanubi wa Makina kwa miaka mingi walilazimika kuhojiwa na kamati kabla ya kuipata. Ukisema mbele ya wazazi kwamba jedwali la shule lina matatizo ya vitambulisho, utaulizwa ni watoto gani walionyimwa. Irabu moja ya mwisho inatuepusha na mkanganyiko huo wote, basi tuitumie.

Hifadhidata nyingi za kimahusiano zina kikomo cha urefu wa kitambulishi. Oracle iliruhusu baiti 30 kwa miaka mingi, hadi toleo la 12.2 lilipofikisha 128. MySQL inaruhusu herufi 64, PostgreSQL baiti 63. Zinatofautiana zaidi katika tabia. Oracle ikipewa jina refu mno hukataa na kutoa kosa ORA-00972, na kazi inasimama. PostgreSQL hulikata mkia, ikatoa notisi ambayo msimamizi aliyechoka haisomi, kisha ikaendelea. Mimi naona afadhali kukataliwa.

Na mkia ukikatwa, Kiswahili huumia kuliko Kiingereza. Sisi hutaja jambo la jumla kwanza, kisha tunalibainisha: idadi ya walimu, idadi ya wanafunzi, aina ya choo, aina ya chakula. Tuseme umepanga jedwali la shule za wadi ya Sarang'ombe lenye safuwima mbili, idadi_ya_walimu na idadi_ya_wanafunzi. Kata kila moja kwenye herufi ya 10. Zote mbili zinakuwa idadi_ya_w. Vivyo hivyo aina_ya_choo na aina_ya_chakula zinabaki aina_ya_ch, na hapo mtu anaweza kusoma choo mahali pa chakula. Jedwali halifai kuwa na safuwima mbili zenye jina moja, kwa hiyo ya pili hubandikwa tarakimu. GDAL, maktaba ya programu inayobadilisha data za ramani, kwa mfano, huiita idadi_ya_1, na anayelipokea faili hana njia ya kujua kama hiyo moja ni walimu au ni nini. Mwingereza, ambaye lugha yake hutanguliza neno bainishi, hubaki na kipande kinachosomeka.

Dawa ni kugeuza: walimu_idadi, wanafunzi_idadi, choo_aina, chakula_aina. Mwalimu wa sarufi atakunja uso, lakini kitambulishi si sentensi. Hata vikikatwa, walimu_ida na wanafunzi_ bado vinatofautiana. Jihadhari tu usifupishe zaidi ukapata walimu_id, maana hapo kila mwanaprogramu atadhani ni namba ya mwalimu.

Msomaji wa ripoti hana haja ya kuyaona hayo, na hapa ndipo inapoingia lakabu. Ni neno la zamani kwa jina la ziada ambalo mtu hupewa bila kupokonywa lake la asili, jambo ambalo Nairobi hulitamka “a.k.a.” tu. Katika SQL hutolewa kwa AS:

SELECT walimu_idadi AS "Idadi ya walimu" FROM shule;

Kitambulishi kinabaki kifupi ndani ya jedwali, na lakabu inajitokeza kwenye jibu ikiwa na nafasi na herufi kubwa. Swali lenye lakabu zake unaweza kulihifadhi likasomwa kama jedwali, na maelezo kamili ya kila safuwima ukayaandika kwa COMMENT ON COLUMN, ambako kikomo cha baiti 63 hakihusiki.

Jina Sarang'ombe lenyewe lisiwe kitambulishi kamwe. Nimeona majedwali yenye safuwima moja kwa kila wadi: Lindi, Makina, Laini Saba, na kadhalika. Mpangilio huo ni mbovu hata kabla ya kufika kwenye ritifaa, ile alama iliyomo katika ng'. Wadi ni data, mahali pake ni ndani ya safumlalo. Unapoliandika jina hilo katika SQL, ritifaa huandikwa mara mbili, 'Sarang''ombe', au programu hulipitisha jina kama kigezo na kukuondolea kazi hiyo. Kuifuta ili kukwepa usumbufu kunampa msomaji “ngombe”, ambaye hajawahi kulia malishoni. Isitoshe, ritifaa iliyonyooka ni baiti moja katika UTF-8, ile iliyopinda ni tatu, na kwa mashine hayo ni majina mawili tofauti. Majedwali mawili yakiunganishwa kwa jina la wadi, moja likiwa na iliyonyooka na jingine iliyopinda, shule za Sarang'ombe zitatoweka kwenye jibu bila kosa lolote kutolewa. Unganisha kwa namba ya wadi.